Mshono wa Pili wa Kisigino cha Kushoto

Ndugu wa damu na wa ndoa, majirani wa mtaa huu, wenzake marehemu wa kiwandani, mliofika kwa miguu yenu na mlioletwa kwa kushikwa mkono, na wewe binti yake unayetusikia kupitia simu aliyoishika jirani yetu hapa mbele, familia imenipa mimi, mpwa wake, kazi ya kusoma maisha ya mjomba wangu. Kabla sijaanza niseme kwamba maneno haya hayakutoka kwa mtu mmoja, mjane amesema yake, mwanawe wa kwanza amesema yake, na binti ameomba kwamba habari ya kiatu cha kushoto isifichwe, isomwe mahali pake mbele ya watu wote, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, baba alikaa miaka mingi na swali moja tu, kama kazi ya mikono yake bado iko popote duniani, na kumzika bila kulitaja swali hilo ni kumzika nusu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la magunia, baba yake akiwa mpakiaji wa mizigo stesheni ya reli na mama yake akifua nguo za watu. Mama yangu mzazi, ambaye ndiye aliyemfuata kuzaliwa, anasimulia kwamba nyumba nzima ilikuwa na jozi moja ya viatu, vya baba, vilivyokaa juu ya sanduku kama mgeni wa heshima, watoto wakiruhusiwa kuvitazama lakini si kuvigusa, na kwamba marehemu peke yake ndiye aliyethubutu, alivivaa baba akiwa amelala mchana, akaviburuta hadi mlangoni, akakamatwa, akachapwa, na katikati ya kilio akasema kwamba fimbo ni haki yake lakini viatu vilikuwa vitamu.

Alianza darasa la kwanza Januari 1959 na kumaliza la saba Novemba 1965, miaka yote hiyo akienda na kurudi peku, akifanya vizuri katika hesabu na kazi za mikono, na walimu wake walitaka aendelee, lakini mwaka huo huo baba yao alivunjika nyonga akiwa kazini, mikono ya kutafuta ikapungua nyumbani, na marehemu akaenda kubeba mizigo pale pale stesheni alipoangukia baba yake, hakulalamika na hakulisimulia jambo hilo kama la huzuni, alisema tu kwamba mkono mtupu haulambwi.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha viatu, kile ambacho kuta zake bado mnaziona mkipita kando ya reli na ambacho leo ni ghala la makontena, kwanza akiwa mfagiaji wa vipande vya nyuzi na mpira, na mwaka 1974, baada ya kusoma kwa macho na kwa kuuliza, akawa fundi mitambo wa mstari wa kushona, ambako walikaa wanawake kwa safu chini ya taa ndefu, kila mmoja na mashine yake, harufu ya gundi ikiwashika kooni hadi wakirudi nyumbani watoto wao wanawajua kwa pua kabla hawajawaona. Walikuwa wanatengeneza viatu vya turubai vyenye soli ya mpira, vya wanafunzi, na wengi wenu hapa mliovaa viatu vyenu vya kwanza miaka ile mlivaa vilivyopita mikononi mwake.

Kubwa kuliko mashine zote za mstari ule ilikuwa ile iliyounganisha turubai na soli, washonaji kadhaa wakiikalia kwa pamoja kila mmoja na sindano yake, ambayo ilikuja ikiwa tayari imezeeka, imenunuliwa kutoka nchi ya mbali ambako kiwanda kingine kilikuwa kimefungwa, na ubavuni mwake mtu alikuwa amekwaruza kwa msumari maneno ya herufi ambazo hakuna kati yao aliyeweza kuzisoma, na katika miaka yote aliyoihudumia, marehemu alituambia baadaye, hakuna aliyeuliza yule aliyekwaruza alikuwa nani na siku hiyo alirudi nyumbani na nini. Wanawake waliiita Mama Mkwe, kwa sababu hakuna aliyewahi kumridhisha. Gurudumu lake moja la meno lilikuwa limelika, na kila ilipofika kwenye mzingo wa kisigino cha kushoto, cha kushoto tu, sindano iliruka na kuacha pengo, kipuri kikaagizwa mwaka baada ya mwaka, na kila walipouliza waliambiwa kiko njiani, hadi ikawa mtu akichelewa zamu wenzake wanamwuliza kama na yeye ni kipuri.

Basi marehemu akatafuta dawa ya mkono, akawafundisha kwamba wakifika pale wasimame, wainue mguu wa mashine unaobana turubai, warudi nyuma kidogo, na kushona tena juu ya mshono wa kwanza, ili pengo lifunikwe, na kwa kuwa alisimama nyuma ya kila mshonaji mpya akimwambia, rudia, dada, rudia hapo, jina lake la nyumbani likasahaulika, akaitwa Rudia, na wakwe zake hadi leo hawamjui kwa jina jingine. Hivyo kila kiatu cha kushoto kilichotoka kiwandani kilikuwa na mishono miwili kisiginoni na cha kulia kilikuwa na mmoja, wateja wakadhani ni pambo, na kuna waliokataa kununua viatu vya kiwanda kingine kwa kuwa havikuwa nalo.

Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa na mjane tuliye naye hapa, aliyekuwa idara ya kutoboa matundu ya kamba, na mjane ameniruhusu niseme, maana alicheka kidogo alipolikumbuka, na siku hizi kicheko chake ni adimu, kwamba marehemu alikuja kutengeneza mashine yake mara kwa mara na mashine haikuwa mbovu, hadi siku moja akamwambia, kaka, kama ni mashine, imepona, kama ni mimi, sema. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1977 na wa kike, kitinda mimba wao, aliyezaliwa tarehe 22 Julai 1988, na marehemu aliwalea kwa sheria moja ambayo hakuwahi kuilegeza, kwamba watasoma, watafanya lolote, lakini wasiguse sindano wala mashine, na alipowakuta wakichezea vifaa vyake aliwaondoa kwa upole na kuvifunga, akisema kwamba kazi hii imefika mkiani.

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa ameanza kuona. Viatu kutoka nje vilianza kuingia sokoni kidogo kidogo, vyepesi, vya rangi nyingi, na mwanzoni kiwandani walivicheka, wakaviita viatu vya karatasi, wakafanyiana mzaha kwamba usivivae siku ya mvua utarudi na kamba tu, lakini kwa kadiri bei ya vile vyao ilivyopanda wanawake wale wale wa mstari wakawa wanakwenda sokoni kununua vya karatasi kwa ajili ya watoto wao, maana mshahara wao haukuweza tena kununua walichokishona, na marehemu hakuwalaumu, alisema mama hawezi kumvisha mtoto uzalendo.

Ijumaa tarehe 28 Oktoba 1994 waliitwa wote uani, mgeni mwenye tai akawasomea kwamba dunia imekuwa soko moja, kwamba kuna kitu kinaitwa utandawazi ambacho hakizuiliki na ambacho mwishowe kitamnufaisha kila mtu, na mshonaji mmoja, ambaye kwa udogo wa mishono yake walimwita Nukta, akasimama na kuuliza, huyo utandawazi wako, baba, ana watoto, maana sisi tunao na shule zinafunguliwa Januari. Watu walicheka na mgeni naye akacheka, kisha akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu, na marehemu kila aliposimulia siku hiyo alisisitiza kwamba mgeni yule hakuwa mtu mbaya, jasho lilikuwa likimtoka, naye alikuwa ametumwa. King'ora kililia jioni kama kawaida, wakatoka kama kawaida, na Jumatatu kuna waliokuja na kukaa nje ya geti na vyakula vyao vya mchana, kwa kuwa miguu ilikuwa imezoea.

Mashine zilinunuliwa na watu wa nchi nyingine ya mbali, na wanunuzi wakataka fundi wa kwenda nazo, azifunge na awafundishe wafanyakazi wa kule, na hapo ndipo jamii yetu ndogo ya kiwanda ilipogawanyika, kwa sababu Nukta na wenzake walikwenda nyumbani kwa marehemu wakakaa barazani na kumwomba asiende, wakimwambia kwamba bila wewe hizo ni chuma tu, zitaoza huko, pengine zitarudishwa, na yeye aliwasikiliza wote hadi mwisho, akawaambia kwamba hakuna chuma kilichowahi kurudishwa, na kwamba mwanawe yuko sekondari na ada inadaiwa. Aliondoka tarehe 17 Januari 1995. Nukta alisema maneno yaliyoenea mtaa mzima, kwamba Rudia amempeleka Mama Mkwe akaolewe kwingine na sisi ametuachia mahari ya upepo, na tangu siku hiyo hakumsemesha tena, na ninalisema hili yeye mwenyewe akiwa amekaa safu ya pili, kwa ruhusa yake.

Kule alikaa hadi tarehe 30 Agosti 1996, katika chumba cha bweni chenye vitanda vya juu na chini, baridi ikipenya dirishani, akifundisha kwa mikono na kwa vichwa kutikiswa, kwa kuwa hakujua lugha yao wala wao yake, wanawake wadogo kwa umri waliotoka mashambani, waliocheka kwa kuziba midomo na kumletea chai kwenye kikombe chenye kifuniko. Aliwafundisha kama alivyowafundisha wa kwetu, wakifika kisigino cha kushoto wasimame, wainue, warudie, nao wakalichukua neno lile bila kulijua, wakawa wanaambiana rudia, rudia, kama vile ndilo jina la mshono wenyewe.

Kisha mhandisi wa kule, kijana mpole aliyempenda sana marehemu, akaifungua Mama Mkwe, akaona lile gurudumu lililolika, akachonga jipya na kulifunga, na ugonjwa wa miaka mingi ukapona, sindano ikapita kisigino cha kushoto bila kuruka hata mara moja, mshono wa pili ukawa hauna kazi tena. Marehemu alitakiwa kuwaambia waache. Hakuwaambia. Mjane alimwuliza kwa nini, akajibu kwamba alifungua mdomo ili aseme, akawaona walivyoinama wote kwa pamoja na kuinua mguu wa mashine kwa pamoja kama wa kwetu, akaona akilisema hilo hatabaki na kitu chake chochote mahali pale, akafunga mdomo. Waliofundishwa wakawafundisha wengine, mashine mpya zikaja, na mshono usiohitajika ukahamia kwenye mistari mingine kama sheria, na hakuna aliyejua kwamba ulizaliwa kwa kipuri kilichokuwa njiani.

Aliporudi alifanya kazi ya kutengeneza vyerehani vya majumbani, kazi iliyopungua mwaka hadi mwaka kadiri watu walivyoacha kushonesha na kuanza kununua zilizoshonwa, na mwaka 2003 mwanawe wa kwanza, baada ya kutafuta ajira na kuikosa, alifungua kibanda cha viatu sokoni, viatu vya kutoka nje, vile vile. Kulikuwa na watu waliongoja baba na mwana wagombane, na hawakugombana. Marehemu alikwenda siku ya kwanza kumtakia heri, akachukua kiatu kimoja cha turubai, cha kushoto, akakigeuza, akapitisha dole gumba kisiginoni, halafu akakaa kwenye benchi la wateja na kiatu mapajani, hadi mwanawe akadhani presha imepanda, na alipoulizwa akasema, huyu ni wangu, nimemfundisha mimi.

Tangu siku hiyo alikwenda kibandani karibu kila asubuhi, akageuza viatu vya kushoto kimoja kimoja, na wateja wakamzoea, wengine wakidhani ni mkaguzi wa serikali na wengine wakidhani ni mzee aliyechanganyikiwa, yuko aliyemwuliza, mzee, mbona unachagua vya kushoto tu, una mguu mmoja, akamjibu, ninao miwili, ila mmoja uko ng'ambo. Alikuwa na furaha miaka ile, hilo ni lazima lisemwe, na alikuwa akituambia sisi tulioisema dunia mpya vibaya mbele yake kwamba tutazame watoto wakitoka shule, hakuna aliye peku, yeye alichapwa kwa ajili ya kiatu na hawa wanavitupa jalalani vikiwa na kamba zake, kwamba hilo nalo ni jambo, tusiwe watu wa kuhesabu kilichokufa tu. Halafu alikuwa akiongeza kwamba wazazi wa watoto hao ndio waliokaa nje ya geti, na kwamba hajui mizani ya kupimia mambo hayo mawili, anayeijua ampe.

Tarehe 4 Aprili 2011 binti yake, aliye mwisho wa simu hii, alisafiri kwenda kufanya kazi katika nchi nyingine tena, ya tatu, katika ghala kubwa la bidhaa ambako kazi yake ni kutoa vitu kwenye maboksi makubwa na kuvitia kwenye madogo, na kwa bahati, viatu vikiwemo. Kila Jumapili walizungumza, na baada ya salamu na habari za afya marehemu alikuwa na swali lake, mshono upo, naye akajibu, upo, baba, nimeuona juzi, naye akasema, haya mwanangu, ukavae sweta. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na kwa nje yalionekana madogo.

Katikati ya mwaka 2017 marehemu aliacha kwenda kibandani. Mwanawe alidhani ni mgongo. Alipokuja siku moja moja alikaa benchini na kuzungumza na watu, lakini hakugeuza tena kiatu, na mwanawe anasema aliliona hilo na hakuuliza, kwa sababu kuna maswali ambayo mtoto hamwulizi baba yake hadharani, na faragha haikupatikana.

Mwezi Juni 2021 alianza kuvimba miguu, na tarehe 12 Julai mwaka huo madaktari wakabaini kwamba figo zake zimeshindwa, akaanzishiwa mashine ya kusafisha damu, mara mbili kwa wiki, na mashine hiyo, alipokisoma kibao chake siku ya kwanza, ilikuwa imetengenezwa katika nchi ile ile aliyoipelekea Mama Mkwe, akamwambia muuguzi kwamba mimi niliwapelekea yangu na wao wameniletea yao, sasa ngoja tuone ipi itadumu. Yenye kudumu ilikuwa ile ya hospitali. Gharama yake ililipwa na mshahara wa binti wa ghalani, na bila ghala lile marehemu asingeumaliza hata mwaka huo, tulimpata miaka mitatu na zaidi kwa sababu dunia imekuwa soko moja, na kwa sababu hiyo hiyo binti hakuweza kuja kumwona, kwa kuwa kibali chake kilikuwa kimekwama katika kuongezwa muda, akitoka harudi, na asiporudi mashine inazimwa. Yeye alitaka kuja. Aliyemkataza ni marehemu, nasi tulikuwa chumbani, alimwambia, usije mama, ukija utanikuta, ukikaa utaniweka, bora uniweke.

Kuanzia Januari mwaka huu hali yake ilibadilika, moyo nao ukachoka, Jumapili tarehe 9 Februari alizungumza na binti yake kwa mara ya mwisho, akauliza swali lake, akajibiwa kama siku zote, na Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa katika wodi ya wanaume, kitanda kilicho karibu na dirisha, mkewe akiwa amemshika mguu kwa kuwa alilalamika baridi, marehemu aliaga dunia akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Sasa nafika mahali nilipoombwa nisifanye papara. Jumatano tulipokuwa tukitafuta nguo za kumvisha, mjane aliinama chini ya kitanda akatoa boksi, na ndani yake kulikuwa na jozi moja ya viatu vya turubai, vipya, vya kutoka nje, vya saizi ya marehemu, vilivyonunuliwa si kwa mwanawe bali kwingine, na boksi lilikuwa limeandikwa jina la nchi nyingine kabisa, si ile aliyofundisha. Cha kulia kilikuwa kama kilivyotoka dukani. Cha kushoto kilikuwa na mshono mmoja wa kiwanda, mmoja tu, na juu yake, kwa mkono, kwa uzi mweupe, mtu alikuwa ameanza kushona wa pili, mishono ya mwanzo imenyooka, inayofuata inatetemeka, na katikati ya mzingo imekoma, sindano ikiwa bado imechomekwa na uzi unaning'inia.

Tulimpigia binti, akaomba aonyeshwe kisigino, tukakisogeza karibu na kioo cha simu, akasema neno moja tu, alijua. Kisha akatueleza kwamba tangu mwaka 2016 maboksi ghalani yalibadilika jina la nchi, kwamba kazi ilikuwa imehama tena, kutoka kwa wale wanawake kwenda kwa wengine wa bei ndogo zaidi, kwamba tangu wakati huo hakuwahi kuuona mshono ule hata mara moja, na kwamba kila Jumapili alimwambia baba yake upo kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumpa kilichoweza kupita kwenye simu. Na baba, aliyekuwa ameacha kugeuza viatu, aliendelea kumwuliza kila Jumapili, ili naye apate cha kumpa. Nani alikuwa akimbembeleza nani, mimi sijui, na sidhani kama kuna wa kumhukumu kati yao. Mjane ndipo akakumbuka kwamba siku moja, mwaka ule wa 2017, wakiwa wamekaa tu jioni, marehemu alisema bila kuulizwa, na wale wa kule nao watakuwa wamekaa nje ya geti, halafu akaomba maji.

Tulitaka avishwe viatu hivyo, na tulitaka mshono ukamilike kwanza, lakini katika nyumba yetu hakuna anayejua, sheria yake tuliitii, hakumfundisha mtoto wake hata mmoja. Ndipo mjane akaenda mwenyewe kwa Nukta, nyumba ya tatu kutoka hapa, nyumba ambayo hakuwa ameingia tangu mwaka 1995, na Nukta alikuja bila kuvaa vizuri, hata kanga aliifungia njiani, akakaa kando ya kitanda, akakichukua kiatu, akavuta uzi, akakiinua kisigino usawa wa macho, akajaribu mara moja, akachomoa, akajaribu tena, kisha akakiweka mapajani na kusema kwamba haya mambo niliyajua kwa mguu, kwenye kanyagio, mkono wangu ulikuwa unafuata tu, bila mashine mimi sijui kitu, halafu akamwambia marehemu, kana kwamba yuko chumbani, na yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake kwa miaka thelathini, ungetuachia hata gurudumu, Rudia. Alilia, na mjane akalia naye, na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu waliomhudumia bila kumchoka, hata alipowafundisha namna ya kuisikiliza mashine yao, majirani waliopika, waliokesha na kuleta viti, wewe uliyeishika simu tangu asubuhi bila kubadilisha mkono, wenzake wa kiwandani mliokuja, mliomsamehe na ambao bado, na pia wenzake wa kule mbali, wale waliomletea chai yenye kifuniko, ambao hatujui majina yao wala walipo sasa, na ambao hawatapata habari kwamba amefariki. Binti, kibali chako kikitoka uje utuone, au usije, vyote ni sawa, mashine uliyoilipia imekwisha kazi yake.

Ameondoka na viatu vyake, cha kulia kizima na cha kushoto kama tulivyokikuta. Uzi hatukuukata, kwa kuwa hatukumpata wa kuumaliza. Fundi, pumzika kwa amani.